Mcheza Kwao na Jirani Yake

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni dogo kwa sura lakini zito kwa uzani: je, nyumba ya pombe yenye muziki, iliyo katikati ya makazi ya watu, inaweza kuwa jambo jema? Sisemi jambo la kuvumiliwa, wala jambo lenye faida kwa mwenye leseni. Nasema jambo jema, kama vile kisima ni jambo jema, na shule, na njia inayopitika wakati wa masika.

Najua wako watakaoshangaa kuona mwalimu mstaafu, aliyekwisha kupita miaka sabini, anashika kalamu kwa ajili ya kilabu. Hapa kwetu Iwawa majibu mawili hutolewa upesi. Waumini wengi hujibu hapana, na mazungumzo yanaishia hapo. Vijana wengi hujibu kwamba biashara ni biashara, asiyetaka asiingie, na mazungumzo yanaishia hapo vilevile. Majibu hayo mawili yana kasoro moja: yanamkimbia jirani. La kwanza halimtazami jirani aliyemo ndani ya nyumba hiyo. La pili halimtazami jirani aliyelala nje yake, naye anasikia kila kitu kupitia ukutani.

Nyumba ninayoifikiria ipo kweli, hatua chache kutoka kwangu. Sitaitaja jina, kwa kuwa mwenyewe hakuniomba nimtangazie biashara. Ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, paa la bati, mabenchi ya mbao za msindano, na jiko la mkaa katikati. Watu thelathini wakiingia wanabanana. Jumamosi jioni wazee watatu hukaa kwenye kona karibu na dirisha: wawili wana magitaa na mmoja ana ngoma. Mmoja ni seremala, mwingine mkulima wa viazi, wa tatu alikuwa utingo wa malori ya mbao wakati barabara ya Njombe ilipokuwa tope tupu na safari ya siku moja iliweza kuwa ya siku tatu. Hupiga nyimbo za dansi za zamani, na baadhi za Kikinga walizozitunga wenyewe. Umeme ukikatika hawasimami. Sauti inapungua tu, na watu wanasogea karibu.

Msomaji asiyeijua Makete afahamu kwamba sisi tunaishi zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi huunguza majani ya viazi kana kwamba yamepitiwa na moto. Usiku wa namna hiyo mtu mzima aliyebaki peke yake, aliyefiwa na mwenzi wake na watoto wake wako Makambako, Mbeya au Kariakoo wakifanya biashara, ana njia mbili: kujifunika blanketi saa moja jioni na kungoja kuche, au kwenda mahali palipo na watu. Joto la mkaa aweza kulipata kwake. Joto la watu hawezi kulipata kwake.

Nililielewa jambo hili kwa msaada wa mgeni. Katika miaka ya 1980 serikali ya Denmark ilisaidia miradi ya maji vijijini katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma. Sisi wakati huo tulikuwa mkoa wa Iringa, kwani mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012. Fundi mmoja wa maji kutoka huko alizoea kupita shuleni kwangu kunywa chai. Alinieleza kwamba kwao ni mji mdogo tu, wenye majira ya baridi ambapo jua huzama alasiri, na kwamba katika mtaa wao kulikuwa na nyumba ndogo ya bia ambako majirani waliojua kupiga ala walipiga, na majirani wasiojua walisikiliza. Alikuwa na neno la kikwao la hali ile ya kukaa pamoja katika joto na mwanga mdogo, akajaribu kulitafsiri akashindwa. Kisha akaniuliza: "Na ninyi, Mwalimu, mnakaa wapi usiku?" Nilimjibu kwamba tunakaa majumbani. Lilikuwa jibu la adabu, lakini yeye alikuwa ameuliza juu ya kukaa pamoja.

Basi, kikao cha kitongoji chetu kilipoitwa kuijadili nyumba ile, na wazee tukaombwa kutoa mawazo, malalamiko yalikuwa matatu: kelele, fedha na ugonjwa. Nitayachukua moja moja, kwa sababu mtu akiyachanganya hawezi kuyapima.

Kwanza, kelele. Nchi yetu ina sheria juu ya jambo hili. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilitolewa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2023 Baraza la Mazingira, NEMC, lilizifungia baa na kumbi nyingi katika miji mikubwa kwa kuvunja kanuni hizo. Naunga mkono. Mgonjwa ana haki ya kulala, na mtoto mwenye mtihani ana haki ya kusoma.

Lakini tuangalie kelele hiyo inatoka wapi. Katika mitaa mingi leo sauti inatoka kwenye sabufa. Sabufa haichoki. Haioni kama ndani wamebaki walevi wawili, wala haijui kwamba nyumba ya tatu kuna mtu amefariki. Mpiga gitaa anachoka, na hilo peke yake ni rehema kwa jirani. Zaidi ya hayo, anajua. Alipofariki mzee mmoja wa mtaa wetu, magitaa yale hayakutolewa mfukoni kwa muda wote wa matanga, na hakuna aliyetumwa kwenda kuwakataza wapigaji. Walikuwa msibani, wamekaa pamoja nasi. Mtu anaweza kuizima sabufa, lakini hawezi kuitia haya. Mpigaji anayeishi mtaani huona haya, na haya ndiyo askari wa kwanza wa maadili, anayefika kabla ya mgambo.

Pili, fedha. Hapa nazungumza kama mtu aliyekaa na daftari la mahudhurio mbele yake kwa miaka mingi. Nimewaona watoto wakija shuleni bila daftari wiki ileile ambayo baba zao wameuza gunia la viazi. Sihitaji kuhubiriwa juu ya fedha inayoishia kilabuni. Tena tatizo hilo si geni katika nyanda zetu. Ulanzi huja na mvua: machipukizi ya mianzi hukatwa, mgema hupita asubuhi na jioni kukinga maji yake, na kinywaji ambacho asubuhi ni mtogwa mtamu wa kumpa hata mgeni asiyekunywa, baada ya siku mbili ni mkangafu wa kumwangusha mwenye nyumba. Katika miezi hiyo, mwalimu yeyote wa Njombe, Mufindi au Iringa anajua ni wazazi gani hawataonekana kwenye kikao cha shule.

Lakini daftari lilelile lina ukurasa wa pili. Kabla ada ya shule ya msingi haijafutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nani alilipa ada za watoto wa wajane? Mara nyingi ni mama mpika komoni. Alikesha akikoroga, akauza kwa kopo, na Jumatatu akaleta noti zenye harufu ya kimea. Baadhi ya watoto wale leo ni wauguzi na walimu, na wengine wanawasimamia wenzao kazini. Sijui mizani ya kupimia chozi la mke wa mnywaji na jasho la mama mpika pombe. Najua tu kwamba anayeweka moja tu juu ya mizani anadanganya.

Jambo moja katika suala hili la fedha naliona wazi. Kuna nyumba ambamo mtu hunywa kwa sababu hakuna kitu kingine cha kufanya, na kuna nyumba ambamo mtu hunywa taratibu kwa sababu anasikiliza. Nimeona kwa macho yangu chupa moja ikikaa mkononi mwa mzee tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwenye nyumba analijua hilo pia. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wanapendelea sabufa, ambayo huwazuia watu kuongea, na wasioongea hunywa upesi.

Tatu, ugonjwa. Hapa ndipo kikao kilipokuwa kimya. Ukimwi uligunduliwa nchini mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, na ulipofika kwetu haukubisha hodi. Hata leo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 unaonyesha kwamba watu wazima 12.7 katika kila 100 mkoani Njombe wanaishi na virusi, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Hakuna mkoa wa Tanzania uliotupita. Kabla ya dawa kuanza kutolewa bure mwaka 2004, tulizika kwanza, tukahesabu baadaye. Nimewahi kusimama mbele ya darasa ambalo nusu ya watoto walikuwa wakilelewa na bibi zao.

Mama mmoja wa rika langu alisimama kikaoni. Alizika watoto wawili katika miaka ile. Alisema kwamba kila anapolisikia gitaa usiku, anawasikia wanawe wakivaa viatu ili watoke. Hakupaza sauti, na hakuna aliyetaka kusema baada yake.

Niliposimama sikumjibu yeye, maana hakuwa ameuliza. Nilisema tu ninachoamini juu ya sababu. Ugonjwa ule ulifuata barabara, malori ya mbao, mashamba ya chai, na biashara ya Wakinga ambayo inampeleka kijana miezi mingi mbali na mkewe. Ulifuata umaskini na ukimya. Klabu zilikuwa mlango mmoja, tena mpana. Kukana hilo ni kuwakosea heshima marehemu. Lakini gitaa halikuwa mlango huo. Na ukimya niliousema haukuvunjwa kwanza mahali tulipotarajia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunasema "homa ndefu" na "kurogwa", Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila waliimba waziwazi juu ya mpira wa kinga katika wimbo wa "Mambo kwa Soksi". Redio ya taifa haikuupiga. Watu waliusikia ukumbini, palepale penye hatari, kutoka kwa mtu aliyewatazama usoni. Mwalimu anapaswa kulitafakari hilo kwa unyenyekevu. Sisi tulikuwa na ubao, chaki na muhtasari wa masomo. Yeye alikuwa na jukwaa la baa, na ndiye aliyesema.

Baada ya kuyapima malalamiko hayo matatu, sasa niieleze hoja yangu yenyewe. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa kumsifu mtu anayesaidia kijiji chake. Lakini ina maneno mawili yanayohitaji kufikiriwa: "kwao" na "hutunzwa".

Neno "kwao" lina historia ndefu katika muziki wetu. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge baada ya kuwa Rais wa Jamhuri, alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza rumba, chachacha na twisti, lakini hatukujua hata kuzitaja ngoma za makabila yetu. Alisema kweli. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata jambo la ajabu likatokea: muziki uleule wa kuazima ukafanywa kuwa wa kwetu. Salum Abdallah na Cuban Marimba pale Morogoro walikuwa wamekwisha kuanza. Mbaraka Mwinshehe akafuata na Morogoro Jazz, mpaka ajali ya gari ilipomchukua huko Kenya mwaka 1979. Chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikaja Mlimani Park Orchestra, iliyochukua jina la baa ilikopigia, na mtindo wake ukaitwa Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo. Angalia vizuri: gitaa liliazimwa, lakini lilipokaa katika baa za mitaa likabadili jina na kuitwa ngoma. Na nyimbo zake zikawa mabaraza: mume na mke wanahojiana, mzazi anaonya, rafiki anashitakiwa kwa usaliti, na wasikilizaji wanatoa hukumu wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Sisi wa nyanda za juu tulikuwa na TANCUT Almasi, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi cha Iringa, katika miaka ya 1980. Ala zilikuwa mali ya kiwanda, kama vile ala za Urafiki Jazz zilivyokuwa mali ya kiwanda cha nguo na za Bima Lee mali ya Shirika la Bima. Mpango huo ulikuwa na ubaya wake, maana mwanamuziki hakumiliki hata waya. Lakini alikuwa na "kwao". Mashirika yalipouzwa au kufa katika miaka ya 1990, bendi nyingi zilikufa nayo, na mafundi wa gitaa wakarudi vijijini kuwa maseremala na wakulima wa viazi. Wazee wa kona ile ya mtaa wetu hawakuwahi kupiga katika bendi hizo kubwa. Walijifunza kwa kuzisikiliza redioni, kidole baada ya kidole. Lakini ni warithi wake. Chumba kile cha watu thelathini ndicho "kwao" iliyobaki.

Zamani Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, alitaka baadhi ya mitindo ya muziki ipigwe marufuku katika dola yake njema, hasa ile ya maombolezo na ile ya ulevi na ulegevu. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulifundishwa jambo hilo katika somo la misingi ya elimu, na baadhi yetu tulicheka, kwa kuwa Jumamosi ileile tulikuwa na dansi la santuri katika bwalo la chakula. Leo sicheki. Plato alijua kwamba muziki huingia ndani ya mtu bila kupita mlango wa akili, na kwamba anayelea watu hawezi kuupuuza. Ninapoachana naye ni hapa: yeye aliuliza muziki ni wa aina gani. Mimi nauliza nani anampigia nani, na je, wanajuana? Wimbo uleule wa huzuni uliopigwa na mashine kwa watu wasiojuana unaweza kumzamisha mtu. Ukipigwa na jirani anayeijua huzuni yako, unaweza kukutoa shimoni. Wema au ubaya hauko katika wimbo peke yake. Uko pia katika uhusiano.

Kwa hiyo naweka vipimo vitatu vya nyumba ya starehe, na msomaji avikosoe. Cha kwanza: je, anayepiga anawajua wanaomsikia, pamoja na wale wanaomsikia bila kupenda? Cha pili: je, jirani anaweza kumwendea akasema "leo acha", naye akaacha bila ugomvi? Cha tatu: je, asubuhi watu waliokuwemo wanaweza kusalimiana njiani huku wakitazamana usoni, wao na wake zao na watoto wao? Nyumba inayofuzu vipimo hivyo ni jambo jema, hata kama ndani yake kuna pombe. Nyumba isiyofuzu ni jambo baya, hata ikiuza soda tupu.

Neno la pili la methali ni "hutunzwa". Hapa lawama yangu inawaendea wapenzi wa muziki wenyewe. Katika kumbi kubwa za zamani ilikuwa desturi kumtunza mwimbaji kwa noti, kumbandika kwenye paji la uso. Katika vilabu vidogo mpigaji hutunzwa kwa chupa. Kila mteja anayefurahi anamnunulia moja, mpigaji anaona aibu kukataa, na kwa namna hiyo tunamlipa kwa kitu kitakachomuua. Nchi ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1999, na chombo cha kuisimamia, COSOTA, kimekuwepo tangu mapema miaka ya 2000. Lakini sheria hiyo haiwezi kufika kwenye kila kona yenye dirisha. Huko inabidi ifike dhamiri. Mtu anayesema anaupenda muziki wa mtaani kwake, kisha anamlipa mpigaji kwa ulevi, hajamtunza. Amejipongeza mwenyewe kwa gharama ya ini la mwenzake.

Hayo ndiyo niliyosema kikaoni, kwa maneno machache kuliko haya. Nilipomaliza, yule mama alinijibu: "Mwalimu, wewe unaitetea nyumba. Mimi nasema juu ya watoto." Sikuwa na la kuongeza, na mpaka leo sina. Sidhani kwamba kazi ya hoja ni kumshinda mtu aliyefiwa. Hoja inaweza kuonyesha kwamba gitaa halina hatia; haiwezi kumfanya mama alisikie gitaa hilo kwa masikio mengine. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na mtaa unaotaka kuishi vizuri lazima uyabebe yote mawili, kama vile mtu anavyobeba ndoo mbili, moja kila mkono, ili asipinde.

Kikao hakikuifunga nyumba ile. Kiliamua kwamba muziki ukome saa nne usiku. Kwamba pasipigwe kitu siku za msiba. Kwamba watoto wasitumwe pale hata kununua kiberiti. Na kwamba wapigaji walipwe fedha taslimu kutoka mapato ya Jumamosi, ikiandikwa. Mwenye nyumba alinung'unika kwa hilo la mwisho kuliko yote, na hiyo ilinionyesha kwamba tumegusa penyewe. Lilikuwepo pendekezo moja zaidi, ambalo halikutoka kwangu bali kwa yule mpiga ngoma. Alisema kwamba dirisha la upande wa nyumba ya yule mama lizibwe kwa matofali, na kwamba kazi hiyo wataifanya wao wapigaji wenyewe. Waliifanya Jumanne iliyofuata. Mama hakuwashukuru, wala hawakungoja shukrani.

Vijana wanaosoma kurasa hizi wataniuliza kama mambo haya yana maana yoyote wakati kila mmoja ana muziki wa dunia nzima katika simu yake. Najibu kwamba simu inakupa muziki, na hilo ni jema. Mimi pia mjukuu wangu huniwekea nyimbo za Marijani Rajab, na nashukuru. Lakini simu haiwezi kukuona unalia ikabadili wimbo kwa ajili yako. Haikudai chochote, nawe huidai chochote, na mahali pasipo na madai hapana ujirani. Tukiziacha nyumba ndogo kama ile zife, hatutabaki na ukimya mtakatifu kama baadhi ya waumini wenzangu wanavyotumaini. Tutabaki na sabufa barabarani na mzee aliyejifunika blanketi saa moja jioni.

Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo. Lakini methali haisemi kwamba kila jirani wa mcheza ni lazima ashangilie. Inatosha aweze kulala. Na mcheza mwenye akili, anapoinua gitaa lake, kwanza hutazama ule upande wenye ukuta uliozibwa, akakumbuka nani yuko nyuma yake, ndipo akaanza.